Gari Linalokunywa Maji

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Maryanne wa darasa la watu wazima amesema kila mtu aandike kitu kila siku, hata mstari mmoja, mkono uzoee. Mimi nilifika darasa la tatu tu, kule Uvira, Kongo, na mkono wangu umezoea unga kuliko kalamu. Jina langu Stéphanie. Hapa kambini Kakuma naitwa Mama Daniella. Ninauza chai na mandazi kando ya gereji ambayo mwanangu anafanyia kazi. Leo joto. Mvua hakuna. Nafikiri hayo yanatosha.

Jumatano, 5 Machi
Leo mstari mmoja hautatosha. Lori limekuja kutoka Lodwar limebeba gari. Dogo, jeupe, limelala chini kama kobe, milango miwili, gari la mbio la Kijerumani, la zamani kunizidi. Watoto wa mtaa mzima walilikimbilia.

Mwenyewe ni mzee Lomorukai, dereva aliyestaafu. Wazee wa Kiturkana huchukua jina la dume lao la ng'ombe wanalolipenda. Yeye amechukua jina la gari. Gari ni Lokwang, yaani yule mweupe, na yeye ni Apalokwang, baba wa Lokwang. Ukimwita Lomorukai njiani hageuki.

"Ejok, mama," akanisalimia. "Fundi iko wapi?"

Nikamwonyesha binti yangu Daniella, na ovaroli lake na kilemba changu cha zamani kichwani. Mzee akamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua mbuzi.

"Wewe ndio uliamsha ile lori ya Lokiriama?"

"Ndiyo, papa."

"Basi amsha huyu."

Shida ya Lokwang ni hii. Injini yake iko nyuma, na haina maji hata tone, inapozwa na upepo tu. Na upepo wa Turkana kila mtu anajua unatoka jikoni. Njia ya Kakuma na Lodwar alikuwa hamalizi, anafia katikati. Sasa injini imepasuka na vipuri havipatikani. Daniella akasema dawa ni moja: itolewe, iwekwe injini ya Subaru, inayopozwa kwa maji.

Mzee akafikiri, kisha akatoa neno lake mbele ya watu wote. Binti yake anaolewa Lodwar Jumamosi baada ya Pasaka. Amewaambia wakwe kwamba Lokwang ndiye atakayempeleka kanisani, na wakwe wamecheka. Kama Lokwang atatoka Kakuma na kuingia Lodwar kwa miguu yake mwenyewe, Daniella atapewa gereji ya mzee kule Lodwar, ile ya kando ya barabara, yenye shimo la kuingia chini ya magari na mlango wa chuma, aifanyie kazi kama yake. Asipofika, gari linauzwa kwa Benard wa vyuma chakavu, na mwanangu atabaki hapa chini ya bati la mtu mwingine, akipewa panchari za kuziba huku wanaume wakichukua injini.

Mimi nikarudi kwenye mandazi yangu. Lakini moyoni nilisema: gari linalokunywa maji! Kakuma! Mungu wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Joto. Mandazi yameisha mapema.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa Benard alikuja kunywa chai. Anakula mandazi kama mtu anayesubiri mazishi.

"Mama Daniella, mwambie mtoto asikwaruze chuma changu."

"Chuma chako tangu lini?"

"Kitakuwa changu tu. Mimi ni mtu wa subira."

Nikamwongezea sukari mno, makusudi. Akainywa yote.

Jumatano, 12 Machi
Injini ya zamani imetoka. Daniella na Reath waliibeba na mnyororo. Reath ni mchomeleaji, kijana wa Sudan Kusini, mrefu mpaka anainama kupita kila mlango. Mzee alikaa karibu na ile injini, anaigusa gusa kama mtu aliyelala. Nikampelekea chai.

"Mama, ukitoa moyo ya ng'ombe, unaweka moyo ingine, ni ng'ombe ile ile?"

 Nami nikamwuliza, ukioa mke wa pili, boma si ni lile lile? Akacheka mpaka chai ikamwagika. Amesema injini ya zamani hatamwachia Benard. Itakuwa kigoda chake, ekicholong chake cha kukalia akizeeka. Nikasema mzee, bado hujazeeka? Akasema bado kidogo.

Ijumaa, 14 Machi
Reath anasaga bamba la chuma la kuunganisha injini mpya na giaboksi ya zamani. Tundu zikikosea unywele, yote yataliwa na mtetemo. Anasaga, anapima, anasaga. Vumbi la chuma mpaka kwenye mandazi yangu.

Jumanne, 18 Machi
Leo ugomvi. Rejeta, ile ya kupozea maji, lazima ikae mbele ipate upepo, na mabomba mawili yapite chini ya tumbo kutoka nyuma mpaka puani. Kwa hiyo pua ya Lokwang lazima ikatwe tundu. Mzee alisimama mbele ya gari na fimbo.

"Uso ya Lokwang hakuna mtu anakata!"

Daniella hakupandisha sauti. Mtoto huyu ametoa wapi huu upole, si kwangu. Akasema, "Papa, ng'ombe wako wana masikio mazima?"

"Hapana. Iko na alama."

"Na ngozi?"

"Iko na alama ya ukoo. Tunachoma."

"Basi nipe alama. Nitakata hiyo hiyo, si nyingine."

 Mzee akachuchumaa, akachora kwa fimbo mchangani alama ya ukoo wake, mistari inayopinda na mmoja unaokatiza. Reath akaikata puani mwa gari kama ilivyo. Cheche ziliruka na mzee alikuwa amefumba macho, lakini zilipokwisha akapitisha kidole kwenye kila mstari na kusema, "Sasa hata akipotea, mtu atamrudisha."

Ninamwogopa kidogo huyu mtoto wangu. Kumwogopa kwa furaha.

Jumamosi, 22 Machi
Foleni ya maji toka asubuhi. Bomba linatoa uzi tu. Immaculée, jirani yangu wa Burundi, ana macho ya kuhesabu majerikani ya watu.

"Mama we! Yote hayo? Mna wageni?"

"Ya kufua," nikasema.

Nimedanganya kwenye foleni, wakati wa Kwaresima. Lakini ningesemaje? Wanawake wamesimama juani na watoto mgongoni, na mimi nichote maji ya kunyweshea gari?

Jumanne, 25 Machi
Daniella ameosha ndani ya injini na mabomba. Maji yalitoka mekundu kwa kutu, beseni nzima na nusu. Akasema, "Mama, mwaga." Nani anamwaga maji Kakuma? Hapa maji yanaogesha mtoto, yanafua nguo, halafu yanamwagilia mboga za sukuma. Niliyaacha yatulie, nikayachuja kwa kitenge mara mbili, yakawa mazuri, nikayarudisha kwenye jerikani lake la kazi. Sikumwambia. Ana mengi kichwani.

Alhamisi, 27 Machi
IMEWAKA! Nimeandika kwa herufi kubwa, mwalimu Maryanne atanisamehe. Ilikohoa, ikakohoa, halafu ikanguruma kwa sauti ya chini ya tumboni ambayo niliisikia kwenye nyayo. Reath aliruka akagonga kichwa kwenye paa. Mzee aliimba wimbo wa Lokwang, ule wanaoimbia madume, mikono juu kama pembe. Hata Immaculée alikuja mbio akasema, "Kumbe ndiyo yale ya kufua!" Nikacheka kwa aibu.

Jumatatu, 31 Machi
Leo nitaandika yote.

Walikwenda kulijaribu njia ya Kalobeyei. Nilikataa kupanda. Sijapanda gari dogo tangu Guy. Guy ni baba yake Daniella, alikuwa dereva wa lori, asubuhi moja aliniaga akasema nipike sombe, majani ya muhogo, atarudi jioni. Sombe niliipika. Tangu siku hiyo kila gari likiondoka mimi nahesabu waliomo.

Leo nilihesabu wawili, Daniella na Reath. Nikakaa na unga mikononi. Saa ya chakula haikuwaleta. Jua likainama. Mwishowe wakaja wamevutwa na trekta, na Daniella mkono umefungwa shati la Reath.

Mshale wa joto ulipanda ukalala mwisho. Maji yakachemka, yeye akafungua kifuniko kabla hakijapoa, mvuke ukamrukia. Ngozi ya mkono imeinuka kama ya maziwa.

"Mathe, tulia, si mbaya," Reath akasema.

"Usiniambie nitulie! Nyamaza!" Nilimfokea mtoto wa watu. Halafu nikamgeukia wangu. Nilimwambia acha. Nilimwambia panchari ni kazi, haziunguzi mtu. Nilimwambia gari lilikula baba yako na sasa linakuonja wewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, papa hakuuawa na gari. Aliuawa na breki ambayo hakuna mtu alikuwa ameitengeneza vizuri. Ndiyo maana mimi natengeneza vizuri."

Nikampaka dawa mkononi. 

Jumatano, 2 Aprili
Nimemwomba Reath msamaha na nikampa mandazi. Amesema ni hewa imefungwa ndani ya mabomba marefu. Wameinua pua ya gari kwa jeki, wametoa hewa. Mshale umepanda tena.

Alhamisi, 3 Aprili
Wametoa hewa tena. Mshale umepanda.

Ijumaa, 4 Aprili
Mshale umepanda. Mawingu upande wa Uganda, hayakufika. Benard amekuja na kamba ya kupimia urefu wa gari.

Jumanne, 8 Aprili
Daniella ameifungua rejeta yenyewe. Vijia vyake vyembamba vilikuwa vimezibwa na tope jekundu la kutu, na katikati ya tope ukaning'inia uzi. Wa bluu.

Akauinua juani. Akautazama uzi. Akatazama kitenge changu kiunoni, cha bluu.

"Mama. Yale maji nilikwambia umwage."

Nikakaa chini. Nikasema ndiyo, niliyachuja, niliyarudisha. Mwanangu ameungua mkono kwa sababu yangu. Nikangoja anifokee nilivyofokea mimi. Reath alitazama kando. Mzee alishuka kutoka kwenye kigoda chake cha injini, akauchukua uzi, akauviringisha kidoleni.

"Hata mimi singemwaga," akasema. "Maji kumwaga! Mtu wa hapa? Haiwezekani."

Daniella akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Akanishika kichwa akakilaza begani kwake, kwenye ule mkono mzima. "Maman, maman. Umeitunza injini kama sukuma."

Lakini sasa tatizo ni kubwa. Kuosha njia yote lazima maji yapite na kumwagwa, yapite na kumwagwa, mpaka yatoke meupe. Na yasiwe ya bomba, kwa sababu yana chumvi, yanaacha magamba meupe kama yale ya ndani ya birika langu. Maji hayo yote yatoke wapi?

Benard alikuwepo. "Mtaosha na mate?" akauliza.  Harusi inakuja.

Jumatano, 9 Aprili
Joto. Nimesali.

Alhamisi, 10 Aprili
Joto. Bomba halikutoa kitu. Nimesali kwa sauti, Immaculée akagonga bati niache alale.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua! Mungu wangu, mvua!

Ilianza mchana, upepo wa vumbi kwanza, kila kitu kikawa cha kahawia, halafu tone moja kwenye bati, kama mtu amerusha jiwe. Halafu mbingu zote. Mtaa mzima ulitoka na vyombo. Sufuria, beseni, majerikani yaliyokatwa, kofia ya Reath. Maji ya kwanza ya bati ni machafu, tuliyaacha yapite. Yaliyofuata yalikuwa laini, hayana chumvi hata ya kuonja.

Daniella alikuwa ameshalala chini ya Lokwang, ovaroli limelowa, anapiga kelele: "Mama, mimina!" Mimi nikamimina puani. Nyuma yakatoka mekundu. "Mwaga!" Nikashika beseni. Mikono yangu ilikataa, nasema kweli, vidole viling'ang'ania ukingo. Maji mazuri ya mvua.

"Mama, mwaga!"

Nikamwaga! Yakaenda na mtaro. Nikamimina mengine, nikamwaga. Immaculée akaja na sufuria zake zilizojaa. "Shika, za kufua hizi!" akapiga kelele, na sote tukacheka kama wasichana. Nikamwaga za kwangu na za kwake. Mzee alikuwa amesimama mvuani, mdomo wazi, anakunywa. Yalitoka mekundu, yakatoka ya chai, yakatoka ya chai ya maziwa, na mwisho yakatoka kama yalivyoingia. Niliyakinga kwenye kiganja, nikaiona mistari ya mkono wangu chini yake.

Usiku umeingia bado inanyesha. Mto Tarach unaunguruma.

Jumanne, 15 Aprili
Rejeta safi, maji ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya kijani ya dukani. Daniella na Reath wamekwenda Kalobeyei na kurudi. Nilihesabu wawili. Wamerudi wawili, mapema, kwa honi. Mshale umesimama katikati na haukuondoka. Benard amesema barabara ya Lodwar si ya Kalobeyei. Nimemwambia mandazi yameisha, nayo yalikuwa yamejaa beseni.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Aleluya. Karatasi zetu za kusafiri nje ya kambi zimetoka, yangu na ya Daniella. Ya Reath bado, masikini.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimepanda gari dogo.

Daniella kwenye usukani, mzee kando yake na fimbo katikati ya magoti, mimi nyuma kwenye kiti cha mtoto, miguu imekunjwa, nimekumbatia jerikani lililojaa. Reath alipiga bodi makofi mawili kama anavyoaga ng'ombe. Immaculée amebaki na biashara yangu. Benard alikuwa barabarani na pikapu lake na mnyororo. Alisema atatufuata pole pole tu, njia ni ya wote.

Macho yangu hayakuona mlima wala ngamia. Yaliona mshale. Ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Nilisali rozari yote nikiutazama. Upepo ulioingia ni ule ule wa jikoni, lakini Lokwang aliupokea puani, kwenye alama ya ukoo, akaendelea.

Tukafika kwenye laga, mto wa msimu, iliyojaa. Maji ya kahawia yanapita juu ya barabara, malori yamepanga mstari pande zote mbili, watu wamekaa kwenye vivuli vya matairi. Tukangoja juani. Dereva mmoja wa lori akacheka, "Mzee, hiyo kobe itaogelea?" Mzee akajibu, "Hii kobe iko na maji yake tayari."

Maji yalipopungua, malori yakavuka, na Daniella akaingia nyuma yao, gia ya kwanza, mguu hausiti. Maji yalikuja mpaka mlangoni. Mimi nilifumba macho. Nikasikia injini haibadilishi sauti, ile ile ya tumboni. Nilipofumbua tulikuwa ng'ambo, na nyuma pikapu la Benard lilikuwa limekwama katikati, linatoa moshi mweupe. Daniella akasimama. Nikasema twende! Akasema, "Mama, mtu hawezi kuachwa mtoni." Akafunga mnyororo wa Benard mwenyewe kwenye pikapu la Benard, na Lokwang akamvuta nje. Chuma chakavu kimemvuta mnunuzi wa vyuma chakavu! Benard alisimama barabarani viatu vimejaa tope. Akasema, "Asante, fundi." Ni mara ya kwanza anamwita fundi.

Mbele kuna mahali mzee alisema simama. Kichaka na jiwe, hakuna kingine. "Hapa ndio alikuwa anafia," akasema. Akashuka, akatafuna tumbaku, akaitemea puani mwa Lokwang, mate ya baraka, kwa upole kabisa. Halafu akamtemea Daniella kwenye paji la uso. Mwanangu alifumba macho akapokea.

Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Lodwar mshale ulisogea. Ukapita katikati. Nikamshika Daniella bega, kucha zote. "Mama, subiri," akasema. Ukasogea tena. Mimi tayari nilikuwa nafungua kifuniko cha jerikani, sijui ningemwaga wapi. Halafu puani kukasikika uuuu, feni imejiwasha yenyewe, na mshale ukarudi nyuma mdogo mdogo kama mtoto aliyekemewa. "Umeona?" Daniella akasema. "Sasa toa pumzi."

Nikatoa pumzi. Nafikiri niliishika tangu Uvira.

Tuliingia Lodwar mchana kweupe, kwa honi. Watoto wakakimbia pande zote, wanawake wa Kiturkana wakaruka shanga zikilia shingoni, na mmoja wa wakwe alitoka dukani kikombe mkononi akasahau kunywa. Mzee alitoa kichwa dirishani akipaza: "Ni mimi! Apalokwang!" Mlangoni pa gereji akaniuliza, "Na hayo maji, mama?" Jerikani langu lilikuwa limejaa kama lilivyotoka. Lokwang hakuomba tone. Nikalifungua, nikammwagia kichwani, nikamwosha vumbi lote mpaka alama ikang'aa.

Jumamosi, 26 Aprili
Bibi harusi alipanda nyuma, kwenye kile kiti changu cha kukunja miguu, shela imejaa gari lote. Daniella aliendesha, amevaa gauni, na chini yake viatu vya kazi. Padre aliuliza fundi ni nani, watu wakamwonyesha. Nimelia tangu wimbo wa kuingia mpaka wa kutoka. Baadaye mzee alitoa ufunguo wa mlango wa chuma mbele ya wakwe, akamwekea mwanangu kwenye ule mkono wenye kovu. Alisema maneno machache tu: "Gari imefika. Gereji ni yake." Injini ya zamani ameiweka mlangoni kwa ndani. Amesema atakuja kila siku kukaa juu yake na kusumbua.

Jumatatu, 28 Aprili
Asubuhi ya kwanza ya kazi. Daniella ameingia shimoni chini ya gari la mtu, naona taa yake tu. Mimi nimekwenda bombani na majerikani. Foleni ndefu, sijui mtu. Mwanamke mmoja wa mbele yangu akayatazama, akauliza kwa wema tu:

"Ya kufua hayo, mama?"

"Hapana," nikasema, na wote walisikia. "Ya magari ya mwanangu."